Uso Haukidhi

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba tatizo sugu la huduma mbovu katika Ofisi ya Vitambulisho lilichunguzwa kitaalamu, likajadiliwa kwa kina, na chanzo chake kikabainika. Chanzo kilikuwa pua.

Si pua peke yake. Yalikuwapo pia makomwe, taya zilizokwenda upande, midomo isiyolingana, na macho yaliyokaribiana mno kama majirani wanaosengenya. Lakini pua ndiyo iliyoongoza. Sisemi kwa kubahatisha. Nilikuwa Mratibu wa Kitengo cha Mwonekano wa Nyuso, cheo ambacho kabla yangu hakikuwahi kuwapo, na baada yangu hakuna aliyekililia.

Mambo yalianzia kwenye sanduku la maoni. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ulipotea tangu enzi za mkurugenzi aliyepita, jambo lililotuletea utulivu mkubwa ofisini. Siku moja sanduku likaanguka lenyewe kwa uzito, likapasuka, maoni yakamwagika sakafuni mbele ya wateja. Ikabidi yasomwe.

Mkurugenzi wetu aliyasoma mwenyewe. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, mrefu, nyusi kama zimechorwa kwa wino. Simsifu bure, hizo ndizo zilizokuwa sifa zake za kazi, na nyingine hatukuwahi kuziona. Akasoma karatasi baada ya karatasi, zote zikisema printa ni mbovu na foleni haisogei, mpaka akafika kwenye moja iliyosema: "Yule karani wa dirishani amenikunjia uso." Hapo akapiga mstari chini ya neno "uso", akaitisha kikao.

"Mnaona?" akatuuliza. "Wananchi hawana shida na foleni. Wana shida na uso."

"Mheshimiwa," akasema mhasibu, mama mmoja asiyejua kunyamaza panapotakiwa, "huyo ni mmoja. Wengine wote wanalia na printa."

"Printa haina uso," akajibu Mkurugenzi.

Kikao kikaafiki kwa kauli moja.

Akaletwa mtaalamu wa nyuso. Alivaa suti ya kubana na miwani mikubwa isiyo na vioo, kwa ajili ya mwonekano. Akatueleza kwamba binadamu akiuona uso huwa amekwisha hukumu kabla hajapepesa macho. Uso ukilingana kushoto na kulia, anasema huyu mwaminifu. Macho yakiachiana nafasi nzuri, anasema huyu ana akili. Taya ikiwa imara, anamkabidhi uongozi.

"Mwenye sura nzuri akikosea, anaonewa huruma," akasema. "Mwenye sura mbaya akipatia, anaulizwa kaibia wapi."

"Na hilo si baya?" akauliza mhasibu.

"Ni la kisayansi," akasema mtaalamu.

Mkurugenzi akajitazama kwenye kioo cha simu yake, akaona sayansi haijakosea.

Likabaki swali moja: uso upi uwe kipimo? Mkurugenzi akakohoa kwa unyenyekevu, akageuka kidogo ili tumwone upande wake ulio bora. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha inua macho ukutani, ilikotundikwa picha ya Waziri wetu. Wazo lilikuwa langu. Naomba historia ilizingatie.

"Upo uso mmoja tu katika chumba hiki," nikasema, "ambao hakuna atakayethubutu kuupinga."

Hakuna aliyethubutu. Picha ile ilikuwa nzuri mno. Ngozi laini kama yai lililomenywa, taya kama ya sanamu, macho yanayotazama mbali, huko maendeleo yanakotokea. Waziri mwenyewe hatukuwahi kumwona kwa karibu. Alipita ndani ya magari ya vioo vyeusi na alihutubia kwa redio. Kwetu sisi, picha ndiyo iliyokuwa Waziri. Waraka ukaandikwa, Waziri akautia sahihi, nasikia kwa furaha kubwa.

Zabuni ya mashine ya kupima nyuso ikatangazwa kwa uwazi. Iliombwa na kampuni moja, ikashinda kampuni hiyo hiyo, ambayo kwa bahati tu ilikuwa ya shemeji yake Mkurugenzi. Shemeji alikuwa mtu wa ujenzi. Mashine yake awali ilikuwa ikikagua kuta zilizopinda, lakini alituhakikishia kuwa uso na ukuta ni mambo ya jamii moja, vyote vinataka kunyooka. Akaionyesha picha ya Waziri, akaifunga langoni, ikawa tayari. Kasoro zake zilikuwa ndogondogo. Dimpozi iliziita mashimo. Mwanya iliuita ufa. Jasho ililiita unyevu. Ilikuwa na sauti tulivu ya mwanamke, na hukumu yake ilikuwa moja: "Uso haukidhi. Tafadhali tumia mlango wa nyuma."

Wafanyakazi tulipimwa wote. Mkurugenzi alipita kwa alama za juu, akapigiwa makofi. Mimi nilipita pia. Nilitakiwa kuinamisha kichwa kidogo, lakini nilipita. Mhasibu alifeli kidevu. Kengeza, mpiga alama za vidole, nadhani jina lake linajieleza.

Kisha ikafika zamu ya mke wangu.

Mke wangu alikuwa karani wa dirisha la kwanza. Sitamficha msomaji: ana komwe, ana pua pana iliyokaa kitako, ana dimpozi mbili, na ana mwanya ambao zamani, nilipokuwa nachumbia na kabla sijaelimishwa, niliwahi kuusifu kwa maneno mengi. Akasimama mbele ya mashine, akaichekea, maana ndiyo tabia yake.

"Ufa umeonekana," ikasema mashine. "Mashimo mawili. Uso haukidhi."

Akanigeukia. "Baba watoto, hiyo inamsema nani?"

"Si mimi ninayesema. Ni mfumo."

"Mfumo ndio uliokuja kwa baba yangu na wajomba zako wawili kunibembeleza?"

"Mama watoto, tuko kazini."

"Haya, afisa. Sasa huu ufa niupeleke wapi?"

"Nyuma," nikasema, nikiwa nimetazama karatasi yangu, ingawa haikuwa na kitu.

Akachukua kikombe chake, kandambili alizokuwa akivaa chini ya meza, na mto wa kiti. Akaenda. Watu walionizunguka walisifu uadilifu wangu. Mkurugenzi alinipiga bega na kusema mtu wa kumpima mkewe mwenyewe ni mtu wa kufika mbali. Nilifurahi sana. Sijui kwa nini chakula cha mchana siku hiyo nilikirudisha nyumbani kikiwa kizima.

Nyumbani jioni nilimkuta binti yetu mdogo amesimama mbele ya kioo cha kabati, pua ameibana kwa kibanio cha nguo. Pua yake ni ya mama yake, nakala halisi.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naitengeneza, baba," akajibu kwa sauti ya mafua. "Ili nisifeli."

Nikamweleza kwamba kujituma ni jambo jema kwa mtoto, ila mifupa ya pua ina ratiba yake. Mke wangu akatoka jikoni. Akakitoa kile kibanio taratibu, akaisugua pua ya mtoto mpaka rangi yake ikarudi, akampa busu juu yake. Kisha akanibana nacho mimi.

"Kaa nacho hivyo hivyo," akasema, "mpaka utakapokuwa na kitu cha maana cha kusema."

Nilikaa nacho hadi tukamaliza kula. Kitandani alinipa mgongo. Mgongo haukuwa umepimwa, lakini nao ulionyesha wazi kutoridhishwa na huduma.

Nirudi kwenye mafanikio. Ukumbi wa mbele ukawa pambo. Tuliweka viti vya kuzunguka, maua ya plastiki, kiyoyozi, na makarani walioletwa kutoka kokote kulikopatikana taya. Wote walikuwa wazuri wa kutia kiwewe. Mmoja alikuwa mwanamitindo wa matangazo ya sabuni, mwingine alikuwa akiimba kwenye harusi. Printa mpya ilinunuliwa ya rangi ya fedha, nzuri mno, na haikuchomekwa kwenye umeme kwa kuwa waya wake ulikatisha zulia vibaya.

Walioshindwa tuliwahamishia stoo ya nyuma, karibu na tangi la maji, yenye dirisha la nondo linalotazama uchochoro. Tukawapa na printa ya zamani. Nayo ilikuwa imefeli kwa sura: ilikuwa imefungwa utepe tumboni na ilifanya kazi kwa kupigwa kofi.

Kisha Mkurugenzi akaona kasoro. "Makarani ni wazuri," akasema, "lakini tazama wateja." Kweli, foleni iliharibu ukumbi. Wapigapicha wa magazeti wangekuja, wangepiga picha gani? Tukapanua wigo wa waraka. Kuanzia hapo kila mwananchi alipimwa langoni. Aliyekidhi alikaribishwa ukumbini. Asiyekidhi alielekezwa uchochoroni.

Bawabu ndiye aliyesimamia utekelezaji. Alikuwa mtu wa miraba minne, tulimwita Kanuni, kwa sababu ukimwambia jambo mara moja hafikirii tena. Mkurugenzi alimwagiza: "Hakuna upendeleo. Hata awe mama yako mzazi." Kesho yake mama yake mzazi alikuja, akafeli paji la uso, na Kanuni akampeleka nyuma akiwa amemshika mkono.

Takwimu zikawa nzuri ajabu. Ukumbini hapakuwa na foleni. Hapakuwa pia na vitambulisho, lakini hilo halikuwa kwenye vigezo. Wachache waliokidhi waliketi kwenye viti vya kuzunguka, wakatabasamiwa, wakaambiwa mfumo uko chini, wakarudi makwao wameridhika kiasi.

Baada ya muda nikaona jambo la kushangaza langoni. Dada mmoja mrembo sana, uso umepangika kama sahani kabatini, alifika mbele ya mashine, akavuta taya upande, akafumba jicho moja na kuvimbisha shavu.

"Uso haukidhi," ikasema mashine.

"Asante Mungu," akasema dada, akakimbilia uchochoroni.

Nikafuatilia. Kumbe habari zilikuwa zimeenea mtaani kwamba nyuma ndiko kunakotolewa vitambulisho. Mke wangu anauliza jina, Kengeza anapiga vidole, mhasibu anapiga printa kofi, unaondoka. Ng'ambo ya barabara, mama mmoja muuza viatu vya mitumba alikuwa akiwafundisha watu kufeli. "Wewe una bahati mbaya ya kuumbika," nilimsikia akimwambia kijana mmoja wa kiume. "Weka ulimi chini ya mdomo, hivi. Sasa makengeza. Zaidi. Enhe! Hapo hata mkeo hakujui."

Nikaandika taarifa kwamba ubora wa nyuso za wananchi unashuka kwa kasi na hatua zichukuliwe. Mkurugenzi akaipeleka wizarani, na Waziri akavutiwa. Akatangaza kwenye redio kwamba angekuja mwenyewe kuzindua ukumbi rasmi, na kwa kuwa kitambulisho chake kilikuwa kimekwisha muda, angehudumiwa hadharani kama mwananchi wa kawaida.

Siku ikafika. Waandishi wa habari walijaa, wananchi wakafurika pande zote mbili za lango. Gari la vioo vyeusi likasimama. Akatangulia kushuka mwanamume mmoja wa haiba, mabega mapana, taya ya kutosha watu wawili. Mkurugenzi akamkimbilia, akainama mpaka tai ikagusa ardhi, akamkabidhi shada la maua na kumwambia kwamba ofisi nzima inaishi kwa ajili ya uso wake.

"Mimi dereva," akasema yule bwana. "Mzee anashuka upande ule."

Upande ule alikuwa ameshuka mzee mfupi, kipara kinang'aa, mifuko chini ya macho kama ya mtu anayesafiri mbali, shavu moja limeshuka kuliko jingine, masikio yamesimama kidete. Alikuwa akisubiri kusalimiwa. Nilitazama picha yake tuliyoitundika langoni siku hiyo, nikamtazama yeye, nikatazama tena picha. Mkurugenzi alirudi kinyumenyume kumnyang'anya dereva maua.

Waziri hakuonyesha kukasirika. Kamera zilikuwa zinawaka. Akajongea kwenye mashine, akatoa tabasamu.

"Mifuko miwili," ikasema mashine kwa upole. "Upande wa kushoto umeshuka. Unyevu. Uso haukidhi. Tafadhali tumia mlango wa nyuma."

Mkurugenzi akacheka peke yake.

"Hitilafu ndogo, Mheshimiwa! Inua kidevu kidogo. Kidogo tena. Jaribu bila tabasamu."

"Uso haukidhi. Hatari ya kuporomoka."

"Kanuni!" Mkurugenzi akanong'ona huku meno yameumana. "Fungua lango!"

Kanuni hakusogea. "Bosi, ulisema hakuna upendeleo. Hata awe mama yangu. Mama yangu kapita nyuma. Sasa huyu ni nani yangu?"

Umati ukaangua kicheko. Yule mama muuza viatu akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Mzee wangu, mbona umebarikiwa! Wenzio tunajifunza siku tatu ili tufeli, wewe umefeli bila hata kujaribu. Nenda nyuma, baba, huko ndiko foleni inasonga!"

"Nyani haoni kundule," akasema mtu mwingine, ambaye hatukumtambua na hatukumtafuta.

Waziri akatazama kamera. Waraka ulikuwa na sahihi yake. Kuukanyaga mbele ya taifa asingeweza. "Sheria ni msumeno," akasema kwa sauti kubwa, akageuka kuelekea uchochoroni. Nikawatangazia waandishi kwamba Mheshimiwa anakwenda kukagua huduma za pembezoni, kisha nikamfuata mbiombio.

Uchochoroni alishika foleni. Aliye mbele yake alikuwa fundi bomba aliyebeba spana. Foleni ilisonga. Zamu yake ikafika, na mke wangu akachungulia kati ya nondo.

"Karibu, mzee. Jina?"

"Mimi ni Waziri."

"Hongera. Jina?"

Akalitaja. Kengeza akamshika vidole. Mke wangu akaelekeza kamera.

"Kaa sawa hapo. Usibinue kidevu. Usikodoe macho. Mashavu usiyavute, mzee, yaache yakae yanapokaa. Basi. Tazama kama mtu tu."

Mhasibu akapiga printa kofi. Kitambulisho kikatoka, mke wangu akakipuliza kikauke, akampitishia kwenye nondo. Waziri akakitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mzee," akasema mke wangu. "Kwani mlionana mara ya mwisho lini?"

Foleni ikacheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Nilitafuta pa kujificha, na uchochoro haukuwa na mahali. Waziri hakucheka. Akaigusa mifuko ya chini ya macho yake, mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayehakikisha kama pochi yake ipo.

"Nimezeeka hivi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mke wangu akainamia dirisha. Hakuwa anatania tena. "Umekuwa mtu mzima, mzee. Ni jambo la kawaida, limempata hata baba yangu. Tena picha yako imetoka vizuri, macho yanaonekana. Haya, anayefuata!"

Nilidhani kesho yake Kitengo kingefutwa. Niliidharau serikali. Waraka uliokwisha tiwa sahihi hauwezi kukosea, na Waziri naye hawezi kufeli langoni kwake mwenyewe. Kwa hiyo ilibainika kwamba mashine ni sahihi, Waziri ni sahihi, na picha ndiyo iliyopitwa na wakati. Ikatoka amri: picha za zamani zishushwe nchi nzima, itundikwe ile ya kwenye kitambulisho, na mashine ifundishwe upya.

Asubuhi iliyofuata Mkurugenzi alifika langoni, nyusi zake zimepangwa, harufu ya manukato imemtangulia.

"Mifuko haipo," ikasema mashine. "Mashavu yamelingana isivyo kawaida. Uso haukidhi."

"Pitia nyuma, bosi," akasema Kanuni, akamshika mkono kwa heshima ile ile aliyompa mama yake.

Mimi nilimfuata dakika chache baadaye. Niliinamisha kichwa, nikakiinua, nikanuna. Haikusaidia.

Makarani warembo walifeli wote. Wiki nzima walijipaka masizi chini ya macho na kukesha makusudi. Yule wa sabuni alifikia kulala amening'iniza shavu moja ukingoni mwa kitanda. Waliokidhi bila taabu walikuwa walinzi wa usiku wa mtaa ule. Wakapewa ukumbi, wakakaa kwenye viti vya kuzunguka, wakalala fofofo. Mke wangu, ambaye mashine sasa ilimwona amekaribia kipimo kwa sababu ya uchovu wa kazi, aliitwa arudi mbele. Akakataa. Alisema amezoea upepo wa uchochoroni. Akafanywa msimamizi wa nyuma, na kwa hiyo akawa bosi wangu, na bosi wa Mkurugenzi.

Nilimpelekea binti yetu habari njema. "Mwanangu, sasa ukijitahidi kidogo unakidhi! Kipimo kimebadilika."

"Kipimo ni nani?"

"Waziri."

Akafikiri. "Sitaki kufanana na Waziri," akasema. "Nataka kufanana na mama." Akarudi kucheza. Mke wangu alinitazama, akangoja. Nikamwambia kwamba mtoto ana haki, na kwamba ule mwanya, nikiangalia vizuri, hauna kasoro yoyote ya kiufundi. Alisema hilo ni neno la maana la kwanza kulisikia kwangu tangu nipewe cheo. Siku hiyo hakunipa mgongo.

Mkurugenzi naye aliwekwa dirishani. Kitambulisho kinaanzia wapi na kuishia wapi hakuwa akijua. Bibi mmoja alisimama mbele yake akamwangalia kwa furaha ya kweli.

"Mjukuu wangu, umeumbika," akamwambia. "Nimekutazama nimefurahi. Sasa niitie anayejua kazi."

Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Waziri. Zamani alikuwa na siri ambayo yeye mwenyewe hakuwa akiijua: alikuwa hajulikani. Akishuka tu kwenye gari na kuvua tai, alikuwa mzee kama wazee wengine. Alinunua mkate mwenyewe, alikaa kwenye benchi akisoma gazeti linalomsifu. Sasa picha ilikuwa ukutani kila mahali, nayo ilikuwa yeye mtupu, kila mfuko na kila mkunjo. Akinunua mkate, muuzaji anamuuliza kodi. Akikaa kwenye benchi, benchi linajaa. Kinyozi wake wa miaka mingi, ambaye siku zote hakujua anamnyoa nani, alimshika kichwa kwa mkono mmoja na wembe kwa mkono wa pili, akamuuliza kwa utulivu maji ya bomba yatatoka lini. Nasikia Waziri alijibu vizuri sana, na kwa ufupi.

Ndipo siku moja akaja uchochoroni kwa miguu, bila dereva, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, miwani ya jua imefunika sehemu iliyobaki. Alipita pembeni ya foleni, akaja upande wangu wa dirisha, nilikopangiwa kazi, na kuninong'oneza.

"Nataka uso wangu wa zamani."

"Mheshimiwa, kanuni inataka picha ifanane na mwenyewe."

"Kanuni ya nani hiyo?"

"Yako."

"Basi niifute!"

"Kufuta kunahitaji Waziri afike ofisini kwa Waziri," nikamweleza, maana ndivyo ilivyo, "na njiani hapo kuna watu wengi wanaokusubiri."

Mke wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. "Baba watoto, mwambie mzee ashike foleni. Kuna watu wametangulia."

Waziri akarudi nyuma, akajipanga, akainamisha kofia. Mbele yake alikuwa mama mmoja mnene mwenye mtoto mgongoni. Mama akageuka. Akamtazama kofia, akatazama masikio.

"Wewe si yule Waziri?"

"Umenifananisha, mama."

Mama akanyoosha mkono. Akamvua ile miwani taratibu, kama anavyovuliwa mtoto kitu anachochezea, akaikunja, akamtilia mfukoni.

"Hapana, baba," akasema. "Sura hii haifananishwi."

Akamshika mkono asije akapotea, akawaita waliokuwa nyuma wasogee na maswali yao. Yule fundi bomba, aliyekuwa akitengeneza tangi la maji hapo jirani, akaweka spana yake chini. Muuza viatu akavuka barabara. Na foleni ya uchochoroni, ambayo siku zote ilikuwa ikisonga, ikasimama, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelalamika.